Kabla ya Boti, Wekeni Pesa Mezani

Mwezi huu nakusimulia jambo la aibu kidogo, lililotokea humu humu nyumbani kwangu Manzese.

Januari mwaka jana nilikwenda shuleni kwa mwanangu mkubwa, ana miaka tisa. Mwalimu akanipokea kwa tabasamu: "Hongera mama, mtoto ameifurahia sana Zanzibar!" Zanzibar gani tena? Akanionyesha daftari. Waliambiwa waandike kuhusu likizo, na mwanangu kajaza ukurasa mzima: boti, mchanga mweupe, kobe mkubwa kama meza. Ukweli ni kwamba likizo yote alicheza mpira kwenye vumbi nyuma ya nyumba yetu. Nikasema "asante mwalimu", nikaondoka. Kwa hiyo na mimi nikawa mwongo wa pili.

Jioni nikamweleza baba watoto. Alicheka, kisha akanyamaza. "Basi tuwapeleke kweli," akasema. Tukapanga Juni, shule zikifunga. Siku tatu tu.

Hapo ndipo kasheshe ilipoanza. Unajua wengi wetu tunapanga safari kwa mdomo. Ukiuliza pesa, jibu ni "usijali, ipo". Nikatafuta hoteli ya ufukweni yenye bwawa, mwenzangu akasema sawa. Siku ya kulipia kianzio, Machi, hakuna kitu. Kumbe kila mwezi alikuwa akituma hela kijijini kumtibu baba yake, na hakuniambia asije akaonekana hana uwezo. Nilifoka sana. Lakini usiku ule ule meseji ikaingia kwenye simu yangu, akaisoma: kikoba wananidai. Lile friji nililosema nimenunua kwa bonasi ya kazini lilikuwa la mkopo. Tukalala mzungu wa nne.

Msomaji wangu, mtoto wetu alidanganya ukurasa mmoja. Sisi tulikuwa tumedanganyana miaka miwili.

Kesho yake watoto walipolala tulikaa mezani na daftari. Kila mmoja aliandika vitu vitatu: kinachoingia, anachodaiwa, na nani anamtegemea. Masharti yalikuwa moja tu, hakuna kumkatiza mwenzio. Iliuma jamani. Matibabu ya baba mkwe tukayaandika juu kabisa, kikoba kikafuata. Baada ya hapo ikabaki elfu 40 kwa wiki ya kutia kwenye kibubu. Hoteli ya bwawa ikafutwa palepale, ikaja gesti ndogo ya Nungwi.

Nungwi hatukuichagua kwa jina. Ukienda na watoto pwani ya mashariki, Paje au Jambiani, bahari ikipwa maji yanarudi nyuma mbali sana, unaweza kukaa saa nyingi unayatazama tu. Kaskazini, Nungwi na Kendwa, hata maji yakipwa unapata pa kuoga. Na daladala namba 116 inakufikisha kutoka mjini kwa nauli ya kawaida kabisa.

Mama yangu naye akapiga simu. "Mnawapeleka wajukuu zangu baharini, mmeisahau Skagit?" Sijaisahau. MV Skagit ilizama Julai 18, 2012 ikitoka Dar kwenda Unguja, miezi kumi tu baada ya MV Spice Islander kuzama ikielekea Pemba, Septemba 2011. Sikumwambia "usijali mama", maana neno hilo tulishaliacha. Nilimwambia tiketi tutakata dirishani, siyo kwa vishoka. Tutahakikisha tumeona majaketi ya kujiokolea yalipo kabla ya kukaa. Tutasikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, na bahari ikiwa mbaya tunarudi nyumbani, hata kama watoto watalia. Bibi akatulia.

Siku ya safari tulipanda mwendokasi alfajiri hadi Posta ya Zamani, tukatembea kidogo tu hadi bandarini, vitambulisho mkononi na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Juni upepo wa kusi umeshashika, kwa hiyo boti ilicheza. Mdogo alitapika mara mbili, yote kwenye shati la baba yake. Beba mifuko na nguo za kubadilisha, na usimshibishe mtoto chai ya maziwa asubuhi ile.

Siku ya mwisho tulikwenda kisiwa cha Changuu kuwaona kobe wakubwa. Wa kwanza waliletwa kutoka Ushelisheli mwaka 1919. Mkubwa alisimama mbele ya mmoja, kimya muda mrefu.

"Mama," akasema, "siyo mkubwa kama meza."

"Najua."

"Nilimwandikia mwalimu uongo."

"Na mimi nilimwitikia. Tutakwenda wote kumwambia."

Shule ilipofunguliwa Julai tulikwenda kweli, tukiwa tumeshikana mikono. Mwalimu alicheka hadi akatoa kitambaa.

Basi, wewe na mwenzako, kabla ya kuulizia bei ya boti, ulizaneni kwanza: unadaiwa na nani, na nani anakutegemea? Na kama kibubu hakijafika Unguja, kisiwa cha Mbudya kipo hapa hapa, boti zinatokea Kunduchi na jioni mmesharudi. Mtoto hatauliza mmelipa shilingi ngapi. Ila kama baba na mama wamenuniana, ataliona kabla hamjashuka kwenye boti.

Tukutane mwezi ujao.