Gesi ya Friji Haiishi: Amana ya Fundi na Haki ya Mteja

 

Ndugu Waislamu, imezoeleka katika jamii yetu kwamba ukitajwa uaminifu katika biashara, fikra huenda moja kwa moja kwa muuza duka na mizani yake. Ni wachache wanaomkumbuka fundi. Ilhali mizani ya muuza duka ipo mbele ya macho ya mnunuzi, na kazi ya fundi imo ndani ya chuma, mahali ambapo mteja haoni, na hata akiona haelewi. Katika toleo hili tunakusudia kuzungumza na mafundi wa vyombo vya ubaridi na joto majumbani mwetu, pamoja na wateja wao.

Tuchukue mfano wa mama mmoja wa Mwamgongo ambaye riziki ya watoto wake inatokana na kuuza barafu na maji baridi. Friji yake imeacha kugandisha. Anaipakia kwenye mtumbwi wa injini, wanapita kando ya Hifadhi ya Gombe, wanashuka Kibirizi, na kutoka hapo anatafuta usafiri wa kuifikisha mjini Kigoma. Fundi anaiwasha, anashika kompresa, kisha anasema: "Gesi imeisha, mama." Mama analipa na kurudi kwao. Baada ya miezi miwili friji imekufa tena. Anarudi, anaambiwa yale yale, analipa tena. Kila safari ina nauli, ina ujira wa wapagazi, na ina siku nyingi zisizo na biashara.

Swali la kujiuliza ni hili: je, gesi ya friji huisha? Kila aliyejifunza kazi hii anajua jibu. Gesi ya friji si mafuta ya taa ambayo taa huyala usiku kucha. Imo ndani ya mabomba yaliyozibwa, na kazi yake ni kuzunguka: kompresa huisukuma, hutoa joto nje kwenye mabomba ya nyuma, hupita katika bomba jembamba, kisha hufyonza joto la ndani na kurudi ilikotoka. Friji iliyo nzima hufanya kazi miaka mingi kwa gesi ile ile iliyotoka nayo kiwandani. Ikipungua, maana yake ni moja tu: pana tundu, na gesi imevuja.

Kwa hiyo fundi anayejaza gesi bila kulitafuta tundu hajatengeneza kitu. Amemuuzia mteja miezi miwili ya ubaridi kwa bei ya matengenezo. Fundi mkweli huanza kwa kutafuta uvujaji, hata kwa povu la sabuni kwenye maungio, huliziba tundu, hutoa hewa na unyevu wote kwa pampu, kwa sababu unyevu ukibaki huganda katika bomba jembamba na kulifunga, kisha hujaza gesi ya aina na kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko cha friji. R134a si R600a. Hii ya pili hushika moto, na fundi anayechomelea mabomba ambayo bado yana gesi hiyo anahatarisha nafsi yake na nyumba ya watu.

Ndugu Waislamu, jambo hili si la ufundi peke yake. Imepokewa kwamba Mtume (SAW) alipita sokoni penye rundo la nafaka, akaingiza mkono wake ndani, akakuta unyevu chini ya nafaka kavu. Mwenye mali alitoa udhuru wa mvua. Mtume (SAW) hakumlaumu kwa mvua. Alimlaumu kwa kuificha nafaka iliyolowa chini, mahali ambapo mnunuzi haioni, na akajitenga na kila mwenye kughushi. Tundu lililoachwa ndani ya bomba lina tofauti gani na unyevu ule uliofichwa chini ya rundo?

Wanazuoni wetu hawakuliacha suala la mafundi. Imepokewa kutoka kwa Sayyidna Ali (RA) kwamba alikuwa akiwawajibisha mafundi kwa mali za watu zilizoharibika mikononi mwao, kwa kuzingatia maslahi ya watu. Wengine wakasema mkono wa fundi ni mkono wa amana, hadaiwi ila akizembea au akivuka mipaka. Wametofautiana katika dhamana, lakini hakuna aliyemhalalishia fundi uzembe wala udanganyifu.

Hali ni hiyo hiyo katika majiko. Vijiji vya mwambao huu vimefundishwa kutumia majiko banifu kwa miaka mingi, hasa tangu mradi wa TACARE wa Taasisi ya Jane Goodall uanze mwaka 1994, kwa sababu vilima vilikuwa vikiachwa vitupu kwa kuni na mashamba. Jiko lililojengwa kwa haraka, lenye mdomo mpana usiolingana na sufuria, likawashwa moto kabla halijakauka, hupasuka na kula kuni kama mafiga matatu. Aliyelijenga ameshapokea ujira wake. Anayebeba mzigo wa kuni kichwani ni mwingine.

Hata hivyo, uadilifu unatutaka tuseme na upande wa pili. Wateja nao wana makosa yao. Yupo anayeisafirisha friji ikiwa imelala ndani ya mtumbwi, akaiwasha mara tu inapofika, ilhali mafuta ya kompresa yamehamia kwenye mabomba na yanahitaji saa kadhaa kurudi, friji ikiwa imesimama. Yupo aliyetoboa bomba kwa kisu akibandua barafu, akifika kwa fundi anasema, "Imezima yenyewe." Wahenga walisema mficha uchi hazai. Na yupo mbaya zaidi: anayechukua chombo chake kizima kwa ahadi ya kulipa Ijumaa, na Ijumaa nyingi zikapita. Na akumbuke kwamba, katika hadithi al-Qudsi, miongoni mwa watatu ambao Allah (SW) atakuwa hasimu wao Siku ya Kiyama ni aliyemwajiri mtu, akapata kazi yake kamili, kisha asimpe ujira wake.

Tufanye nini basi? Qur'an Tukufu inafungua Suratul Maida kwa amri ya kutimiza mikataba, na katika Suratul Baqara, aya ndefu kuliko zote inaagiza deni la muda maalumu liandikwe. Tunashauri kila kazi iandikwe, hata kwenye karatasi ya daftari: chombo kilipokewa kikiwa na hali gani, tatizo ni nini, bei ni kiasi gani, siku ya kukabidhi, na muda ambao fundi atairudia kazi bila malipo ikiwa tatizo ni lile lile. Kifaa kilichobadilishwa, mteja akabidhiwe cha zamani akione. Na fundi asiyeweza kazi aseme, "Hii siiwezi." Hakuna aibu katika neno hilo.

Vijana waliojifunza ufundi mitaani wasidharauliwe. VETA ina utaratibu wa kuwapima na kuwapa vyeti wenye ujuzi walioupata nje ya darasa, wautumie. Serikali nayo imeweka ulinzi wa mlaji katika Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Lakini mama wa Mwamgongo hatapanda mtumbwi kwenda kushitaki kwa ajili ya gesi ya friji. Mahakama iliyo karibu naye ni dhamiri ya fundi, na baada ya hapo ni msikiti. Maimamu na kamati za misikiti waketi na mafundi na wateja, wasuluhishe, na wasione haya kumwambia anayeswali safu ya kwanza kwamba anadaiwa haki ya mtu.

Dini yetu haiishii mlangoni mwa msikiti. Tunapotoa salamu mwisho wa swala, tunarudi karakanani, na huko Allah (SW) anaona ndani ya bomba ambamo mteja haoni.

Wabillahi tawfiq.