Neno "Salama" Chupani Halilindi Rangi ya Gari

Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Juma moja kabla ya chuo kufunguliwa, mwanafunzi wangu mmoja alinijia ofisini akiwa na chupa ya plastiki mkononi na majonzi usoni. Wakati wa likizo kijana huyu huosha magari kando ya mto, viungani mwa mji wa Kisii, ili ajipatie karo. Siku hiyo alikuwa amepoteza ujira wa siku kadhaa kwa kosa ambalo hakujua kama lilikuwa lake.

Kisa chenyewe ni hiki. Mteja mmoja alifika kutoka upande wa Keroka, gari lake limetapakaa matope yaliyokauka. Alimkabidhi kijana chupa hiyo ya dawa ya kupuliza, ile isafishayo gari pasipo kulimwagia maji, akamwagiza aitumie badala ya maji ya mtoni. Kijana akapuliza, akapangusa, akapuliza tena. Matope yalipotoka, boneti ilionekana imejaa mikwaruzo myembamba ya mviringo, mfano wa utando wa buibui, inayometameta juani. Mteja alidai fidia, na mwenye kituo akaukata ujira wa kijana.

"Mwalimu," akaniuliza, "si wameandika hapa kwamba ni salama kwa rangi ya gari?"

Naam, waliandika hivyo, kwa Kiingereza na kwa herufi kubwa. Nilipoigeuza chupa, niliona maandishi madogo mithili ya sisimizi yaliyosema kwamba dawa hiyo ni ya vumbi jepesi tu, na kwamba gari lenye tope au mchanga lisuuzwe kwanza. Kijana hakuwa ameyasoma. Mteja naye, ambaye ndiye aliyeinunua, bila shaka hakuyasoma.

Mimi ni mwalimu wa isimu, wala si fundi wa rangi. Hata hivyo, swali la kijana huyu linaniangukia mimi kama linavyomwangukia fundi. Neno "salama" ni miongoni mwa maneno yasiyojitosheleza. Ukiniambia kwamba daraja fulani ni salama, sharti nikuulize: ni salama kwa mpita njia au kwa lori lililosheheni majani chai ya Nyamira? Wakati wa kiangazi au wakati mto umefurika? Neno lililokatwa kijalizo chake ni ahadi nusu, na ahadi nusu humgharimu yule asiye na uwezo wa kujitetea.

Basi na tukijaze kijalizo hicho. Rangi ya magari mengi ya siku hizi ina matabaka. Juu ya bati hupakwa rangi ya msingi, kisha rangi tunayoiona, na mwisho hufunikwa kwa tabaka angavu lisilo na rangi, ambalo ndilo hutoa mng'aro. Unene wa tabaka hilo la juu ni kama milimita 0.05, takriban unene wa unywele mmoja. Hilo ndilo linalokwaruzwa, na hilo ndilo fundi hulipunguza kila anapolisugua ili kuondoa mikwaruzo. Likiisha limeisha, na hapo gari halina budi kupakwa rangi upya.

Je, dawa yenyewe inaidhuru rangi? Kwa kawaida, la. Dawa hizi zinazoitwa za kuosha bila maji aghalabu huwa na maji kwa sehemu kubwa ya kilichomo chupani! Ndani ya maji hayo hutiwa aina ya sabuni isiyo kali, ambayo huliachanisha vumbi na rangi, pamoja na vilainisho kama vile nta au silikoni, ambavyo huizingira chembe ya vumbi ili iteleze badala ya kukwaruza. Dawa iliyotengenezwa vizuri haina ukali wa kula rangi iliyo nzima. Kwa hakika, sabuni ya unga ya kufulia nguo, ambayo waoshaji wetu wengi huitumia kila siku, huiondoa nta ya kinga upesi zaidi.

Hatari basi imo katika kile kinachosukumwa na kitambaa. Hapa hatuhitaji kwenda mbali kutafuta somo. Tutelemke tu hadi Tabaka, kwa wachongaji wa mawe ya Kisii. Jiwe la sabuni huchongeka kwa urahisi kwa sababu lina madini laini ya talki. Katika kipimo cha ugumu alichokibuni Friedrich Mohs mwaka 1812, talki imepewa namba 1, ya chini kabisa. Kwatsi, iliyo tele katika mchanga, imepewa namba 7, na huikwaruza hata kioo. Sasa watazame mafundi wa Tabaka wanapoling'arisha jiwe: hulisugua kwa msasa huku wakililowesha ndani ya beseni la maji, ili unga wa jiwe uchukuliwe na maji.

Neno hilo "msasa" lina historia yake. Kabla ya kuwa karatasi ya dukani, lilikuwa, na lingali, jina la mti ambao majani yake yana makwaruzo, na mababu waliyatumia kusugulia mbao. Jani likawa karatasi, jina likabaki. Nami nasema kwamba kitambaa kikavu kilichojaa vumbi la changarawe ya barabara zetu ni msasa pia, liwe lile jina litakalopewa dukani. Vilainisho vya chupani vinaweza kuzizingira chembe chache za vumbi la siku moja. Haviwezi kuyazingira matope ya safari nzima yaliyogandamana mlangoni na juu ya magurudumu. Kijana wangu alipewa msasa, akaambiwa ni dawa.

Kwa hivyo jibu la swali lake ni hili. Dawa hizi ni salama kwa rangi ikiwa gari lina vumbi jepesi tu, ikiwa limeegeshwa kivulini na bati lake limepoa, na ikiwa mwoshaji ana vitambaa safi na laini vya kutosha, anavyovikunja na kuvigeuza kila mara, akipangusa polepole kwa mkondo mmoja bila kugandamiza. Juani dawa hukauka kabla ya kupanguswa na kuacha madoa. Tena haifai kupulizwa pahali ambapo rangi imebambuka au panapongoja kupakwa upya, kwani mabaki ya silikoni huifanya rangi mpya itoke na vitobo vidogo vidogo. Fundi yeyote wa jua kali aliyewahi kulipaka gari atakusimulia adha hiyo.

Najua msomaji mmoja atanidakiza: "Kama ni hivyo, si afadhali turudi mtoni?" La hasha! Kwanza, mtoni nako hakuna usalama huo tunaoudhania. Tambara moja huchovywa katika ndoo moja tangu asubuhi, likaosha magurudumu kisha boneti, na mchanga wa gari la kwanza ukalikwaruza gari la kumi. Pili, yapo mambo yenye thamani kuliko rangi. Mto Nyakomisaro unapita katikati ya mji wa Kisii na kubeba kila kinachomwagwa kandokando yake. Mto Gucha, ambao wengine huuita Kuja, unazikusanya chemchemi za nyanda za Gusii na kuzipeleka hadi Ziwa Victoria, na njiani kuna akina mama na watoto wanaoteka maji yake. Mafuta ya injini na sabuni za magari hayana haki ya kusafiri nayo. Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka 1999 inakataza kuyachafua maji, na hakuna mwalimu anayeweza kudai kwamba hakuijua.

Tufanyeje basi? Mungu ametujalia mvua. Kisii na Nyamira hupata zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka, na ni nadra mwezi mzima kupita bila manyunyu. Dawa ya bila maji ilibuniwa ikiwafaa zaidi watu wa miji iliyokauka. Sisi twaweza kuifunganisha na neema yetu. Hesabu yake yamfaa hata mwanafunzi wa shule ya msingi. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja mraba ya bati ni lita moja ya maji. Paa la mita 50 mraba likinyeshewa milimita 20 alasiri moja hutoa lita 1,000, yaani mitungi 50 ya lita 20, ingawa kiasi kidogo hupotea njiani. Mtungi mmoja au miwili yatosha kulilainisha tope na kulitelemsha kabla ya kitambaa kuligusa gari. Baada ya hapo, anayetaka apulize dawa yake kwa amani. Gari lioshewe mbali na mto, juu ya nyasi au changarawe, palipo na shimo la kuyapokea maji machafu. Vijana wetu hawatapoteza kazi. Watahama tu kutoka ukingoni.

Limebaki jambo moja, nalo lanihusu kikazi. Kifungu cha 7 cha Katiba ya mwaka 2010 kinakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kifungu cha 46 kinampa mnunuzi haki ya kupewa maelezo yatakayomwezesha kufaidika ipasavyo na bidhaa. Haki hizi mbili hukutana kwenye kibandiko cha chupa. Shirika la Viwango nchini lingewatendea wema waoshaji, madereva na mafundi kama lingewataka wauzaji waandike tahadhari kwa Kiswahili, kwa herufi zenye ukubwa ule ule wa sifa. Ikiwa "salama" yasomeka kwa umbali wa hatua tatu, "usitumie juu ya matope" nalo lisomeke kwa umbali huo huo.

Nanyi walimu wenzangu, msingoje Nairobi. Chukueni chupa moja darasani, ya dawa ya gari au ya viuadudu vya mahindi, muwaulize wanafunzi: ni salama kwa nini, dhidi ya nini, katika hali gani? Hilo ni somo la lugha, la sayansi na la uraia kwa wakati mmoja.

Kijana wangu nilimwandikia maelezo ya nyuma ya ile chupa kwa Kiswahili, akayapeleka kwa mwenye kituo pamoja na chupa yenyewe. Ujira wake haujarudishwa hadi ninapoandika makala haya. Lakini amenieleza kwamba karatasi ile imebandikwa ukutani, na kwamba sasa kila gari lenye tope humwagiwa maji kwanza.