Tahariri: Asiyesema Naye Ana Neno



Mwinjili Marko, katika sura ya 7, anasimulia jinsi Yesu alivyomtenga na makutano kiziwi mwenye utasi, akamgusa masikio na ulimi.

Katika shule za watoto wenye ulemavu zaidi ya mmoja, mtaalamu wa tiba ya usemi hukaa vivyo hivyo na mtoto mmoja mmoja. Wengi hudhani kwamba yeye hunyoosha matamshi tu. La hasha! Humsaidia mwenye mtindio wa ubongo kumeza bila kupaliwa. Asiyeweza kutamka humtengenezea ubao wa picha, aonyeshe kwa kidole au kwa macho: maji, choo, mama.

Ubao huo usikose alama za "sitaki" na "naumia". Mtoto asiyeweza kukataa wala kushtaki huonewa kwa urahisi, na mdhalimu wake hulala usingizi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ulioridhiwa na Tanzania mwaka 2009, unazitambua njia hizi za mawasiliano katika ibara ya 21. Ni haki, wala si hisani.

Wataalamu hao ni haba. Tuwadai kwenye halmashauri zetu. Wakati huohuo, viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo, watembeleeni watoto waliofichwa majumbani. Ubao waweza kuchorwa juu ya kipande cha boksi, mradi nyumba nzima iutumie, na mtoto akionyesha "naumia", asadikiwe.