Mgonjwa wa Fundo, Takwimu ya Mjini

Leo siandiki kuhusu ZEC wala vitambulisho, ingawa mtaona njia inaturudisha huko huko. Naandika kuhusu ramani. Si ile ya ukutani skuli. Ni ile iliyomo ndani ya kompyuta za afya, inayotazamwa na wakubwa wanapoamua daktari apelekwe wapi, dawa ziende wapi na gari la wagonjwa lilale wapi.

Niliwahi kufanya kazi ya mkataba mfupi, karani wa takwimu, kwenye kituo kimoja hapa Pemba ambacho sitakitaja. Kazi yenyewe si ngumu. Mwisho wa mwezi unafungua madaftari, unahesabu mistari, unajaza fomu, na fomu inaingizwa kwenye mfumo uitwao DHIS2. Ukiingiza vizuri, unapata picha nzuri za rangi. Kijani maana yake salama, nyekundu maana yake khatari.

Mwaka huo huo shemeji yangu, mke wa kaka, anakaa Fundo, akashikwa na kifafa cha mimba. Usiku, maji yamekupwa, mashua imekaa juu ya mchanga. Wakangoja maji yajae. Wakavuka hadi Wete, na baadaye akaandikiwa rufaa ya Unguja. Alinusurika, alhamdulillahi. Mtoto aliishi siku mbili, akafia huko huko mjini.

Mwezi ulipoisha nikakaa kuhesabu. Vifo vya watoto wachanga: sifuri. Ramani ikatoka kijani. Nikamwambia mkubwa wangu wa kazi, mtu mwema tu, kwamba huyu mtoto mimi namjua, ni wa kwetu. Akaniambia, "Mwanangu, sisi tunaandika kilichotokea hapa. Cha huko kitaandikwa huko." Kwa utaratibu, alikuwa sahihi. Na hapo ndipo penye ugomvi wangu.

Mfumo ule umepangwa kama mti. Juu kabisa Zanzibar, chini yake matawi, visiwa, mikoa na wilaya, na mwisho wa tawi kuna kituo. Kila kituo kina mzazi mmoja tu, hakiwezi kuwa na wawili. Namba inayoingia kituoni inapanda kwa mzazi, kisha kwa babu, mpaka juu. Kwa hiyo mgonjwa aliyetoka Fundo akafia mjini, namba yake inapanda kwa tawi la mjini. Haimgusi mzazi wa kituo cha kwao hata kidogo. Kwenye daftari la wodi kweli kuna safu ya anuani, shehia yake imeandikwa kwa kalamu. Lakini ripoti ya mwezi huondoka na jina la kituo, si jina la shehia. Anuani inabaki daftarini, inaliwa na mchwa.

Sasa fikirini. Sisi ni watu 543,441 kwa sensa ya 2022, wilaya nne, mikoa miwili. Wagonjwa wetu mahututi ndio wanaopandishwa boti kwenda Unguja. Kadiri hospitali ya huku inavyokosa vifaa, ndivyo inavyoandika rufaa nyingi, na ndivyo vifo vinavyohesabiwa ng'ambo. Yaani upungufu wetu unatusafishia ramani! Wakubwa wakikaa na picha yao wanaona mjini kumejaa nyekundu, wanasema ongezeni vitanda mjini. Wakitazama Pemba wanaona kijani, wanasema kule mambo si mabaya.

Kisha kuna bahari. Ramani ile hupima kwa mstari ulionyooka. Kutoka Fundo hadi Wete ni kilomita chache tu, kwa hiyo eti mtu wa Fundo yuko karibu na hospitali. Nani kamuuliza kuhusu maji kupwa? Nani kamuuliza kuhusu kusi? Makoongwe, Kisiwa Panza na Kojani ni hivyo hivyo. Mtu wa visiwa vidogo hapimi njia kwa kilomita, anapima kwa saa na kwa bei ya mafuta ya mashine.

Na mipaka je? Sisi Wapemba tusifundishwe habari ya mistari, tumeiona kwenye majimbo. Shehia inagawanywa mbili, sheha mpya anateuliwa na Mkuu wa Mkoa, raia hakuulizwa. Ndani ya kompyuta, kama mtu hakuweka tarehe ya shehia ya zamani kufungwa na ya mpya kuanza, historia imekatika. Watoto wa mipaka mipya wanagawanywa kwa idadi ya watu wa zamani. Ndipo unapata chanjo asilimia mia na kitu upande mmoja, na nusu yake upande wa pili, na wote wawili ni uongo. Karani ndiye atakayelaumiwa.

Watakuja kusema hizi ni siasa, mfumo ni wa kimataifa, haujachorwa na CCM. Kweli haujachorwa na wao. Ulianzia Afrika Kusini, miaka ya 1990, ubaguzi wa rangi ulipoanguka. Wanaharakati waliopinga makaburu pamoja na watafiti wa Norway walitaka wilaya zilizokuwa zimekatwa-katwa kwa rangi za watu ziunganishwe, na wafanyakazi wa chini wazitumie namba zao wenyewe badala ya kuzipeleka juu tu. Zanzibar tuliupokea mapema, katikati ya miaka ya 2000. Yaani chombo kilichozaliwa kuwapa wilaya sauti, huku kwetu kimekuwa bomba la kupandisha namba kwa Wizara. Afisa Mdhamini yupo Pemba, ana ofisi na gari, lakini uamuzi unavuka bahari ndipo urudi. Mti wa kompyuta umeiga mti wa utawala, basi.

Na wasituambie haiwezekani. Mfumo huo huo unaruhusu vituo kuwekwa kwenye makundi nje ya mti: kundi la visiwa vidogo, kundi la vituo visivyofikika usiku. Unaruhusu tarehe ya kufungua na ya kufunga. Kwengine kazi imeshafanyika. Maabara ya Ivo de Carneri, pale Wawi, imeshirikiana na watafiti kupima kichocho shehia kwa shehia, mpaka wakajua wapi kimebaki. Wahudumu wa Jamii ni Afya wanapita nyumba kwa nyumba na simu mkononi, kaya inajulikana, mjamzito anajulikana, shehia inajulikana. Taarifa ipo. Haijaunganishwa na kifo kinachoandikwa hospitali ya mbali, kwa sababu hakuna mkubwa aliyeamua iunganishwe.

Nasema "hakuna aliyeamua" kwa makusudi. Simtuhumu karani, simtuhumu nesi. Nesi wa zamu ya usiku ana wazazi kumi, kalamu moja na taa inayozimika.

Ninachotaka ni hiki. Kila kifo cha mama au mtoto mchanga kinapokaguliwa, kihesabiwe mara mbili: pale alipofia, na shehia alikotoka, ili rufaa isiwe kaburi la takwimu. Orodha ya vituo vyote, mzazi wa kila kimoja na mahali kilipo, iwekwe hadharani, isiyo na jina la mgonjwa hata mmoja, ili mtu wa Micheweni aone kama kituo chake kimewekwa mahali pake. Na muda wa kufika upimwe kwa saa, mashua ikiwemo.

Wawakilishi wetu wakikaa Barazani kwenye bajeti ya afya, wasiulize tena vitanda vingapi. Wamuulize Waziri: mwaka uliopita, watu wangapi wenye anuani ya Pemba walifia hospitali za Unguja, na wametoka shehia zipi? Nanyi mlio kwenye matawi, kabla ya siku hiyo, nendeni kwenye shehia zenu mkaandike waliopewa rufaa, idadi na mwezi tu, majina muyaache kwa wenyewe. Mimi nimeshaanza na Fundo.