Macho ya wazee: miwani peke yake haitoshi

Mama yangu mkubwa aliacha kwanza kusoma Biblia, kisha akaacha kuwasalimu watu njiani. Majirani wakasema ana majivuno. Kumbe alikuwa akiona shati na viatu vya mtu, lakini penye uso pana doa la ukungu. Kituo kimoja cha afya kilimpa miwani mara mbili. Alipofika kwa daktari bingwa, jicho la kushoto lilikuwa limekwisha kupata kovu.

Ugonjwa wenyewe ni kuchakaa kwa makula, yaani sehemu ndogo ya katikati ya retina tunayoitumia kusoma na kutambua sura. Si mtoto wa jicho, ambaye huondolewa kwa upasuaji. Pembeni mgonjwa hubaki anaona, hutembea bila fimbo, na ndiyo maana watu hawamwamini. Umri ndio chanzo kikuu, lakini tumbaku huzidisha hatari, na bibi huyu hajaachana na kiko chake tangu ujana.

Rwanda ina haki ya kujivunia. Kuanzia mwaka 2012, kwa ushirikiano na shirika la Vision for a Nation, wauguzi wa vituo vya afya nchini kote walifundishwa kupima macho na kutoa miwani. Hapana shaka wengi wamenufaika. Tatizo ni kwamba mzee akisema "sioni vizuri", jibu lililo karibu ni miwani.

Aina kavu ya ugonjwa huu ndiyo ya wengi, nayo huenda polepole. Katika aina ya maji, mishipa dhaifu ya damu huota chini ya retina na kuvuja, na uoni unaweza kuharibika ndani ya wiki chache. Hiyo ndiyo yenye dawa ya kuizuia: sindano ndani ya jicho, zinazorudiwa kila mwezi mwanzoni. Bevacizumab, iliyobuniwa kwa ajili ya saratani, iliingizwa na Shirika la Afya Duniani katika orodha ya dawa muhimu za macho mwaka 2013. Chupa moja hugawanywa dozi nyingi, kwa hiyo bei hushuka, mradi ugawaji ufanyike kwa usafi wa hali ya juu. Lakini sindano hairudishi kilichokwisha kuwa kovu.

Nilipokuwa shule ya msingi uhamishoni Karagwe, daftari la miraba lilikuwa la hesabu tu. Siku hizi nawapa wazee ukurasa wake. Tia nukta katikati, mzee avae miwani yake ya kusomea, azibe jicho moja, aitazame nukta, kisha abadili jicho. Mistari ikipinda au kukatika, aende hospitali wiki hiyo hiyo, na amwambie muuguzi waziwazi: mistari inapinda.

Jicho la kulia la mama mkubwa sasa linachomwa sindano. Kila safari inataka nauli ya watu wawili, kwani mjukuu ndiye anayemshika mkono. Siku hizo kiti cha mjukuu darasani kwangu hubaki kitupu.