Kompyuta ya mtumba, Linux na skrini nyeusi: angalia kadi ya picha kabla ya kulipa

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida kwa Windows 10. Windows 11 iliyoifuata haizikubali rasmi kompyuta nyingi zilizotengenezwa kabla ya 2018. Na hizo ndizo kompyuta za mtumba tunazozimudu wengi wetu: ya kuchapia barua stesheneri hapa Tunduma, ya hesabu za ushirika Mbozi, ya shule kule Momba. Fundi atakuambia: weka Linux, ni bure. Ushauri huo ni mzuri na tunauunga mkono, lakini una shimo moja ambalo wengi hulijua wakishalipa.

Linux ni programu huria. Maandishi yake ya ndani, yaani msimbo, yako wazi kwa yeyote kusoma, kurekebisha na kugawa. OpenOffice nayo ni hivyo, ndiyo maana mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam uliweza kutoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili.

Tatizo ni kwamba si kila kilichomo kwenye kompyuta ya Linux kiko wazi. Kila kifaa kinahitaji programu ya kukiendesha, ambayo mafundi huiita draiva. Sisi wa mpakani hatuhitaji maelezo marefu: lori liwe zima, tenki lijae, nyaraka zipite forodhani, bila dereva halivuki kwenda Nakonde. Kadi ya picha, ile inayopeleka picha kwenye skrini, nayo ni hivyo hivyo.

Kadi za Intel na AMD zina draiva zilizo wazi, tena zimo ndani ya Linux yenyewe. Linux ikibadilika, nazo hurekebishwa pamoja nayo. Nvidia ilichagua njia nyingine. Kwa miaka mingi draiva yake ilipakuliwa bure, lakini msimbo wake ulifichwa. Mwaka 2012 Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, alisema hadharani nchini Finland kwamba hawajawahi kushughulika na kampuni mbaya kuliko hiyo.

Kwa mtumiaji, madhara huja hivi. Linux inajisasisha usiku, kiini chake kinakuwa kipya, draiva iliyofungwa haikuandaliwa kwa kiini hicho. Asubuhi unawasha, skrini nyeusi. Mashine haijafa, na fundi anayejua ataifufua, ila huenda akahitaji kupakua faili la zaidi ya MB 300. Kwa bando la kijijini, hiyo si pesa ndogo.

Kadi ikizeeka ndipo mambo huwa magumu zaidi. Nvidia imetangaza kwamba toleo la 580 la draiva yake ni la mwisho kwa kadi za GeForce GTX 900 na GTX 10. Nyingi zilizotangulia hizo zilishaachwa. Kampuni ikishaacha, hakuna fundi wa Tunduma wala wa Dar es Salaam anayeweza kuirekebisha, maana hana msimbo.

Wapo wanaojitolea walioandika draiva huria ya kadi za Nvidia, inaitwa Nouveau. Kwa kuandika barua na kusoma mtandaoni inatosha. Lakini kwenye GTX 900 na GTX 10 kadi hukataa amri ya kuongeza kasi isipotoka kwenye programu yenye sahihi ya Nvidia. Kadi ni yako, umeilipia, lakini ufunguo wa nguvu zake anao mwingine. Mwaka 2022 Nvidia ilifungua sehemu ya draiva yake, ila kwa kadi zilizotoka kuanzia 2018 tu. Wa mtumba wa zamani hakuambulia kitu.

Hatusemi Nvidia ni kadi mbovu. Mwenye studio ya kuhariri video za harusi anaweza kuihitaji, na draiva iliyofungwa humfanyia kazi vizuri ilimradi kadi yake bado inahudumiwa. Kwa stesheneri au darasa, chukua yenye Intel au AMD. Mara nyingi jina huwa kwenye kibandiko cha nje, ingawa kibandiko cha Intel peke yake hakitoshi: laptopu nyingine huwa na Intel na Nvidia kwa pamoja, hivyo uliza.

Waifai nayo ina mchezo huo huo, kwani vifaa vingi havifanyi kazi bila faili lililofungwa la mtengenezaji. Debian, mojawapo ya Linux zenye msimamo mkali kuhusu uhuru, ilipiga kura mwaka 2022 kuyaruhusu mafaili hayo kwenye kisakinishi chake.

Kwa hiyo nenda dukani na flashi yenye Linux. Mwombe muuzaji aiwashe kompyuta kwa flashi hiyo, bila kusakinisha chochote. Unganisha waifai ya simu yako, cheza video, sikiliza sauti, funga kifuniko kisha ufungue uone kama skrini inarudi. Ni kama dakika 15. Muuzaji akikataa, duka la pili haliko mbali.