Picha ya Mtu ni Amana

Desturi mpya haiji na ngoma. Huingia kimya kimya hata ikawa mwenyeji. Mojawapo ni hii ya kuiachia kompyuta itembeze picha za watu kiooni kila ikaapo bila kazi. Katika mtaa wa Manyatta, Kisumu, kama ilivyo Majengo ya Mombasa, si ajabu kuyaona hayo katika duka la kupiga na kusafisha picha. Mwenye duka akitoka kidogo, mashine huanza: bibi arusi huyo kapita, mara mtoto anayeogeshwa karaini, mara marehemu ambaye picha yake ililetwa ikuzwe kwa matanga. Wapita njia husimama wakatazama.

Jambo hili lilianza kwa haja. Vioo vya kompyuta za zamani vilikuwa kama vya televisheni za kale. Taswira ikikaa pale pale kwa muda mrefu iliacha alama isiyofutika. Ndipo ikabuniwa programu ya kuchezesha taswira ili kioo kisiharibike. Mwaka 2001 Windows XP ilikuja na programu ya kutembeza picha za mwenye mashine. Vioo bapa vingi vya leo havihitaji kinga hiyo. Kilichobaki ni pambo.

Nalo pambo si kosa. Kijana wa Lamu afanyaye kazi Kisumu, akimwona mamake akipita kiooni, moyo humtulia. Huyo simlaumu. Neno langu ni juu ya picha za wenziwe, na mahali kompyuta ilipo.

Sisi watu wa pwani twajua kuwa nyumba ina baraza na ina ndani. Surat An-Nur, aya ya 27, yatufunza tusiingie nyumba za watu pasi na kutaka idhini. Picha ya arusi ya wanawake wenyewe kwa wenyewe ni ya ndani. Aliyeipeleka dukani aliiweka amana. Mashine haijui ndani wala baraza. Hutoa kila kilichomo katika folda iliyoonyeshwa.

Wako watakaosema kwamba wapiga picha tangu zamani walitundika picha madirishani. Ni kweli. Lakini ya dirishani ilichaguliwa na mtu, na mwenyewe akichukia aliiona na kuidai iondolewe. Ya kompyuta hupita na kutoweka, na mwenyewe hana habari.

Sheria nayo imeamka. Kenya ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Data mwaka 2019, na Septemba 2023 Kamishna wake aliitoza shule moja ya Uthiru, Nairobi, shilingi 4,550,000 kwa kutangaza picha za watoto bila idhini ya wazazi. Kioo kinachotazama barabara, je, si tangazo?

Dawa ni nyepesi. Folda ya picha za kuonyeshwa iwe mbali, asiingie humo ila aliyeridhia mwenyewe. Na kwa marehemu, waulizwe jamaa zake. Nyingine zifungwe kwa neno la siri, na mwenye duka akitoka, kioo na kizimwe.

Wahenga walisema, aibu ya maiti aijuaye mwosha. Mpiga picha naye huona mengi. Na ajifunze kwa mwosha: kuona, kisha kusitiri.